Betri Inayokwenda Kanisani

Mama alikataa operesheni ya macho kwa miaka mitatu, na asubuhi aliyokubali, gari likakataa. Niliingiza ufunguo, nikauzungusha, nikasikia tk moja chini ya boneti, kisha kimya. Nikarudia. Mara ya pili hata hiyo tk haikuja. Ilikuwa Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, na mama alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake hatua mbili mbele ya gari, kiondo mapajani, viatu vya kanisani miguuni, akingoja kuambiwa aingie.

"Imekataa?" akauliza.

Nikamwambia inafikiria kwanza.

"Nilijua," akasema, na uso wake haukuwa wa mtu aliyesikitika. Mtu mwingine angesimama hapo akajiuliza alijuaje. Mimi hasira yangu huamka kabla ya akili, na wakati huo ilikuwa imeshaamka, imenawa uso na inatafuta mtu wa kumlaumu.

Nianze kwa kujilaumu mwenyewe, ili nisionekane mtu wa kunyooshea wengine kidole tu. Mimi ni karani katika shule moja ya mji wa Wote. Nilifika nyumbani, kijijini nje kidogo ya Makindu, jioni ya Jumanne kwa basi, nimechoka. Nikaliona gari la marehemu baba limesimama chini ya kibanda chake cha mabati kama kawaida, nikalipita. Ningeliwasha jioni ile ningejua mapema. Nikasema kesho. Linalowezekana leo lisingoje kesho, na msemo huo naujua sana wakati wa kuwaambia wazazi waliochelewesha fomu.

Tulitakiwa kuwa katika hospitali ya misheni kule Mutomo kabla ya saa sita. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa siku chache tu, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kuandikisha majina. Kesho yake wangepasua, kisha wangefunga mizigo yao. Kutoka kwetu unashuka na barabara ya Mombasa hadi Kibwezi, unakata kushoto, unavuka mto Athi, unapita Ikutha. Usiposimama njiani ni mwendo wa saa mbili hivi. Kwa hiyo tulikuwa na muda mpaka saa nne. Baada ya hapo hata gari likiwaka, lingewaka bure.

Lakini si saa niliyoiogopa. Nilimwogopa mama. Mtu aliyechukua miaka mitatu kusema ndiyo anaweza kuirudisha kwa dakika tatu, na mama hakuwa mtu wa kubembelezwa mara mbili.

Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Ukimsogelea ungeuona ule weupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Boma lake alilijua kwa nyayo. Chai alimimina akiwa ametumbukiza ncha ya kidole kikombeni, na alipoungua hakusema kitu. Watu aliwatambua kwa kikohozi na kwa mwendo. Wageni wote aliwaambia wamekonda, kwa sababu hakuna mgeni anayebisha hilo. Mwezi uliotangulia alikuwa amekanyaga makaa jikoni, akanificha mguu siku nne. Kila nilipomgusia macho alijibu neno moja: naona. Akishasema naona, mazungumzo yamefungwa na ufunguo ameuweka kifuani.

Alikubali kanisani. Tangazo la madaktari lilisomwa Jumapili baada ya mahubiri, watu wakaulizwa ni nani angependa kwenda, na mama akasimama. Niliambiwa kwa simu na watu watatu tofauti, kila mmoja akidai ndiye aliyemshawishi. Mwenyewe nilipompigia, alisema atakwenda, ila ana sharti moja. Atapanda gari la nyumbani. Si matatu, si pikipiki, si gari la kukodi.

Nilielewa. Baba alitoka hapo nyumbani mgonjwa, amekaa kwenye gari la kukodi, akitukumbusha kupitia dirishani tufungie mbuzi. Alirudi kwenye gari jingine, amelala. Tangu siku hiyo mama hakuingia gari la mtu asiyemjua, na hakuna mahubiri yaliyowahi kumtoa hapo. Angeweza kutembea kwa miguu mpaka Makindu na kurudi, na alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi, ameshika bega la mtu.

Kwa hiyo lilikuwa gari hilo au hakuna. Kulisukuma haikuwezekana. Baba alilinunua uzeeni, goti lake la kushoto likiwa limekwisha, akachagua lenye gia za kujibadilisha zenyewe, na gari la namna hiyo hata ulisukume mpaka Emali haliwaki. Jirani pekee mwenye gari, ambaye angetushtulia betri kwa nyaya, alikuwa ameondoka nalo alfajiri. Nilisikia likipita nikiwa bado nafunga kitambaa kichwani, nikasema moyoni, huyo naye anakimbilia wapi.

Sasa kuhusu hiyo betri. Kanisa letu halina stima. Nyaya zimepita juu ya paa lake, zikaenda zao sokoni. Kwa hiyo tangu baba aliponunua gari, kila Jumapili betri yake hufunguliwa, hupakiwa kwenye wilbaro, hufunikwa kitambaa safi na kupelekwa kanisani kuendesha kipaza sauti. Ibada ikiisha inarudishwa, inafungwa, gari linawashwa na kuachwa lingurume kwa robo saa. Baba alikuwa akisema betri yake imeokoka kumpita yeye, maana haijawahi kukosa ibada. Alipofariki, hakuna aliyefikiria kuuvunja utaratibu huo. Aliyeisafirisha ni mzee mmoja wa kanisa, ndugu wa baba wa ukoo, aliyestaafu kazi ya reli, mtu ambaye hukunja hata karatasi ya sukari kabla ya kuitupa. Nilimwita Baba Mdogo tangu nikiwa sijui kufunga viatu.

Basi mtu wa kumlaumu nikawa nimempata. Nilivuka kijito kikavu kilichotenganisha maboma yetu nikiwa natembea kwa hasira, nikamkuta anakunywa chai nje ya nyumba yake. Aliniamkia kwa Bwana asifiwe. Sikumjibu. Nilimuuliza Jumapili waliiweka wapi betri yetu. Akasema mahali pake pa siku zote, karibu na madhabahu. Nikamuuliza kama waliiweka juu ya simenti. Baba alikuwa akisema betri ikiwekwa kwenye simenti, simenti inainyonya mpaka tone la mwisho, na ndiyo maana kila nyumba kwetu yenye betri ina kipande cha ubao wa kuiwekea. Fundi mmoja wa Makindu aliwahi kuniambia kwamba hayo yalikuwa ya betri za zamani. Asubuhi hiyo mimi nilikuwa upande wa simenti.

Baba Mdogo akasema waliiweka juu ya ubao, ule ule wa baba yangu, na kwamba aliporudisha betri, gari liliwaka kwa mara moja. Alisema polepole, akikumbuka kila hatua. Upole wake ukanizidishia hasira.

"Mmeimaliza na maombi yenu," nikamwambia. "Sasa mama akibaki kipofu, mtamwombea pia."

Hilo nililisema. Ningependa kuandika kwamba nililifikiria tu, lakini nililisema kwa sauti, mbele ya mke wake aliyekuwa anafagia. Mke wake akaacha kufagia. Baba Mdogo akaweka kikombe chini, akaangalia mahali kilipo ili asije akakipiga teke, akasimama.

"Ngoja nilete chaja," akasema.

Chaja ilikuwa ya kanisa: sanduku la bati la rangi ya kijani, lina mshale nyuma ya kioo kidogo na nyaya mbili zenye vibano vya meno, chekundu na cheusi. Aliibeba mwenyewe, hakunipa. Tulivuka kijito kurudi. Nilijua nimekosa heshima, lakini nilijiambia nitaomba msamaha gari likiwaka, kana kwamba adabu nayo inangoja chaji.

Mama alikuwa pale pale kwenye kigoda. Alimtambua Baba Mdogo kwa kukohoa kwake, akamsalimia, akamwambia amekonda.

Nilileta waya wa ekstensheni kutoka jikoni, nikaupitisha dirishani. Baba Mdogo alifungua boneti, akachukua spana yake ya namba kumi iliyokuwa imefungwa kwenye kitambaa, akafungua nyaya za gari kutoka kwenye vichwa vya betri, kwanza ule wa hasi, kisha ule wa chanya. Alisema magari ya siku hizi yana ubongo wa stima ndani, ukiyachaji yakiwa yamefungwa unaweza kuuchoma. Akafuta vichwa vya betri. Akafungua vifuniko sita vidogo juu yake, akachungulia maji kwenye kila tundu. Mimi niliangalia saa. Ilikuwa moja kasoro dakika tano, na yeye bado anachungulia matundu kana kwamba anatafuta mwanakondoo aliyepotea.

Sikuvumilia. Niliingia jikoni nikachomeka plagi na kuwasha swichi, nikidhani ninamwokolea muda. Nje Baba Mdogo alikuwa ameshabana kibano chekundu, na alikuwa anakishusha kile cheusi. Nikasikia mpasuko mkali na mama akiita jina langu.

Nilipotoka, Baba Mdogo alikuwa amerudi nyuma hatua tatu, mkono mmoja usoni. Palikuwa na harufu ya mayai yaliyooza. Nilidhani macho yake nayo yameondoka, na kwamba siku hiyo moja nitakuwa nimepofusha wazee wawili.

Akaondoa mkono usoni. Macho yalikuwepo, yananiangalia.

"Betri inapumua hewa inayoshika moto," akasema. "Vibano kwanza, swichi mwisho. Zima, tuanze tena."

Niliingia kuzima. Mama aliuliza ni nini kimelia, tukamwambia ni cheche kidogo. Kisha akaingiza mkono kiondoni, akatoa kipande cha sabuni, akakiweka juu ya jiwe kando yake.

"Hii sabuni wacha ikae," akasema. "Sidhani nitaoga huko."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa sawasawa. Nilikuwa nimemsaidia kupanga kiondo hicho usiku, na nilijua kila kilichomo: sabuni, leso mbili, sweta, chupa ya maji, kadi ya kliniki na Biblia ya Kikamba ambayo hakuisoma tena lakini hakulala mbali nayo. Kitu kimoja kilikuwa kimeshatoka. Safari yetu ilianza kufunguka mbele ya macho yangu, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kuangalia mshale wa chaja.

Mshale ulipanda. Baba Mdogo alifurahi, akasema betri inakula vizuri, haina ugonjwa, ilikuwa na njaa tu. Chaja ilinguruma chini chini. Saa moja na nusu. Saa mbili kasorobo. Nilimpikia mama uji, akaunywa nusu. Nilimwambia habari za shule, za mwalimu mkuu, za mvua iliyotukosa kule Wote. Nilisema chochote kilichokuja mdomoni ili asipate nafasi ya kufikiri. Yeye alisikiliza, akitikisa kichwa mahali panapofaa, kama anayevumilia mtoto anayekariri.

Saa mbili kamili, ngurumo ikakatika. Mshale ukaanguka chini.

Stima ilikuwa imepotea. Nilikimbia jikoni kujaribu taa, nikakimbia barabarani kuangalia kama duka la jirani lina mwanga, na muuza duka akanipungia mkono kuniambia hata yeye. Niliporudi, leso zote mbili zilikuwa juu ya jiwe, zimekunjwa, na sabuni juu yake.

"Mwaitu, stima itarudi," nikamwambia, kwa Kikamba chetu cha kumwita mama.

Akasema inaweza kurudi au isirudi. Akasema hata ikirudi, gari hilo limezeeka, limechoka na limeharibika, na si haki kulilazimisha. Na akasema kitu ambacho sikukielewa wakati huo. Alisema anashukuru Mungu kwa kumwonyesha mapema mwenye ugonjwa ni nani.

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nililia kwa hasira kwa jinsi nilivyomwona akilini akikanyaga makaa tena, akianguka kijitoni, akikaa kwenye kigoda hicho mpaka mwisho akiwaambia watu wamekonda. Nilipanga kumbeba kwa nguvu. Nilipanga kumdanganya kwamba gari la kukodi ni la mwalimu mwenzangu. Nilijua nisingefanya hata moja, kwa kuwa mama hakuwahi kunidanganya mimi, au ndivyo nilivyodhani.

Niliporudi, Baba Mdogo alikuwa amekaa chini kwenye ukingo wa kibanda, miguu ameinyoosha. Hakuwa amekwenda nyumbani kwake. Alikuwa ameondoa vibano kwenye betri na kuvitundika kwenye mti, kimoja huku na kingine kule, visije vikagusana stima ikirudi ghafla. Mama alikuwa amevaa sweta ingawa jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nikajua maana yake: limetoka kiondoni. Zilibaki chupa ya maji, kadi na Biblia.

Saa tatu na dakika kumi, redio ya muuza duka ikalia kwa mbali. Baba Mdogo aliinuka kabla yangu. Vibano kwanza. Swichi mwisho. Safari hii nilisimama mlangoni mwa jikoni, mkono hewani, nikingoja aseme washa, na aliposema ndipo nikawasha. Mshale ukapanda.

Nusu saa ikapita. Mama alitoa chupa ya maji, akanywa, akaiweka kwenye jiwe. Sikujua kama ameitoa kwa kiu au kwa kuivunja safari. Nilimwangalia Baba Mdogo, naye akaangalia saa yake ya reli. Saa nne kasoro robo akasema, tujaribu ilivyo, isipowaka sasa haina haja. Nikazima. Akabana upya waya wa gari wa chanya, akaukaza. Akachukua ule wa hasi, akaugusisha kwenye kichwa chake.

Taa zote mbili za mbele zikawaka.

Zilikuwa nyekundu nyekundu kwanza, kisha zikawa nyeupe. Baba Mdogo alishtuka, akanitazama. Hakuna aliyekuwa ndani ya gari. Hakuna aliyekuwa amegusa ufunguo. Chini ya kibanda palikuwa na kivuli, na mwanga ulitoka moja kwa moja ukampiga mama magotini, kwenye sweta, usoni. Niliuona weupe wa macho yake ukiwa umeangazwa wote. Alikuwa anatazama mbele kabisa, kwenye taa yenyewe, hatua mbili kutoka pale.

"Bado?" akauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Nilifungua mlango wa dereva nikainama kuangalia kijiti cha taa kando ya usukani. Kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Taa zilikuwa zimeachwa, zikawaka mpaka betri ikakata roho. Si ibada. Si simenti.

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake. Kivuli changu kikamfunika, na hata hicho hakukisema. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini kabisa niliyokuwa nayo, kama kuna mtu aliyeingia kwenye gari.

Akaniambia kwa Kikamba, na kwa Kiswahili ni hivi:

"Jana asubuhi, kabla hujafika, niliingia mimi. Napajua mahali baba yako alikuwa anashika kuwasha taa. Niliwasha, nikaja nikasimama hapa mbele. Nilijiambia, nikiziona, siendi popote, macho bado ni yangu. Sikuziona. Nikasema basi, gari limeharibika, taa hazifanyi kazi. Leo ulipojaribu likakataa, nikajua nilisema kweli. Ni gari. Si mimi."

Nilichukua mkono wake wa kulia, nikamwinua kutoka kwenye kigoda, tukapiga hatua zile mbili pamoja. Nikaukunjua mkono wake nikauweka juu ya kioo cha taa.

Kilikuwa kimeshaanza kupata moto. Aliuacha mkono hapo. Akausogeza taratibu, akaupapasa mduara wote wa taa, akaupeleka kwenye ile ya pili, nayo ina joto. Uso wake ulianguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, hata siku baba aliporudishwa.

"Zinawaka," akasema.

"Zinawaka, Mwaitu."

"Na jana ziliwaka."

Nikasema ndiyo, jana pia. Baba Mdogo aligeuka akajifanya anakaza waya ambao ulikuwa umeshakazwa. Mama alisimama akiwa ameshika taa zile, upande na upande, kama mtu aliyeshika uso wa mtu mwingine. Kisha akarudi nyuma, akatafuta jiwe kwa mguu, akalipata.

"Nipe sabuni yangu," akasema.

Nilipakia kila kitu: chupa, leso, sabuni. Sweta akakataa kulivua. Nilizima taa, nikaingia, nikauzungusha ufunguo. Gari likaguna, likasita, likaguna tena na nikasali kwa maneno ambayo si ya kanisani, kisha likawaka. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Baba Mdogo alifunga boneti kwa kuibonyeza, hakuipigiza, akamfungulia mama mlango wa mbele.

Nikashusha kioo, nikamwambia Baba Mdogo anisamehe kwa maneno yale. Alikuwa anaviringisha waya wa chaja kwenye kiwiko.

"Usizime injini njiani," akasema. "Hata kwa mafuta. Nenda."

Sikuizima. Kibwezi sikusimama, Athi tulivuka kama watu wanaofukuzwa, Ikutha mbuzi wa mtu walinusurika kwa neema. Tulipokaribia Mutomo, mama akaniuliza ni muda gani nilikuwa nimejua kwamba hamwoni mtu. Nikamwambia tangu aliponiambia mimi pia nimekonda, mwaka niliponenepa. Akacheka, na nilipomgeukia alikuwa anajifuta machozi na ncha ya leso. Tulifika saa sita kasoro, karani wa pale akiwa ameshafunika kalamu. Aliifunua. Jina la mama likawa la mwisho kwenye karatasi.

Walimpasua jicho la kulia Alhamisi. La kushoto wakasema lingoje safari nyingine. Ijumaa asubuhi wakamfungua bandeji, wakampa miwani ya giza na maagizo mengi, na mimi nikasimama mbele yake nimeshika mikono, naogopa kuuliza. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akasema kweli nimenenepa.

Tulifika nyumbani alasiri. Niliegesha chini ya kibanda kama kawaida, nikataka kumshika mkono kumwingiza ndani. Alikataa. Akaenda mwenyewe mbele ya gari, akasimama mahali kigoda kilipokuwa, akavua miwani aliyoambiwa asivue.

"Washa," akaniambia.

Nikazungusha kijiti. Mama akarusha uso pembeni, akainua mkono kujikinga, akaushusha kidogo kidogo, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, taa ya kulia, kisha ya kushoto, kisha mimi nyuma ya usukani.

"Zima sasa," akasema. "Keshokutwa ni Jumapili."